Kamera ya Uani

Fundi magari ndiye aliyepiga kelele kuliko wapangaji wote mpaka kamera ikafungwa uani. Suruali zake ziliibwa kambani mara kwa mara, naye alikuwa amechoka kufanywa shamba la bibi.

"Anayeiogopa kamera ana lake jambo," alimwambia mkewe.

Picha zilifika kwenye simu ya kila mpangaji. Siku moja akafungua yake amsake mwizi, akamwona bibi wa chumba cha mwisho akianika shati la marehemu mumewe, lile lile la jana na juzi. Bibi alilifunga vifungo, akalinyoosha kola, akaanza kulisimulia mambo ya nyumbani. Kisha akacheka, akalipiga kikofi begani.

Fundi akaizima simu, uso umemshuka. Halafu akazikumbuka simu za wenzake. Akabeba ngazi na bisibisi, akaigeuza kamera itazame geti.

"Unatafuta nini huko juu, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Natoa buibui tu, bibi."

Wiki haikuisha, mwizi akaruka ukuta, akaondoka na suruali mpya ya fundi. Wapangaji wakaja juu. Nani aliyeigeuza kamera?

"Upepo," alisema fundi.

Mkewe akamtazama. "Upepo gani huo unaotembea na bisibisi?"

Jioni bibi akabisha hodi, mkononi ana suruali ya kiume, imepigwa pasi mpaka imesimama.

"Vaa hii," alisema. "Nimeshamwomba mwenyewe, hana neno."