Mwenye Nyumba Hajasema

Bi Mahfoudha hakuwa mtu wa kulimeza neno sahihi kwa sababu tu limemkera mwenziwe. Alisomesha sarufi Unguja, akaja akaisomesha Maskati mpaka akastaafu. Mjukuu wake Buthaina, aliyekuwa akiongoza kikundi cha maigizo, alipomwomba afasiri tamthilia ya Mmarekani, alikubali kwa sharti moja: neno lake lisiguswe pasi na hoja.

Mmarekani mwenyewe, Bwana Lionel Pruitt, alikuwa mtoto wa kinyozi wa mji mdogo wa viwanda, Ohio. Baba alimtaka ashike mkasi. Yeye akafuatana na waigizaji wa kupita. Alikosha vyombo mikahawani New York, akaandika michezo iliyokufa kabla rangi ya mandhari yake haijakauka. Ndipo alipoandika *Kizingiti cha Kinyozi*: mwana amerudi kwa baba aliyemfukuza, anagonga mlango, na mlango haufunguliwi. Mchezo unaishia katika kimya kirefu, na kimya hicho ndicho kilichompa tuzo, nyumba na jina. Aliyoyaandika baadaye yalisifiwa kwa adabu na kusahauliwa kwa haraka. Kwa hiyo uzeeni alikilinda kimya kile kama chongo alindavyo jicho lake lililobaki. Kila ulipofasiriwa mchezo, alisafiri akautazame mwenyewe, na akisharidhika ndipo alipotoa ruhusa uendelee.

Sasa alikuwa amefikia hoteli ya Bustan, Maskati, naye Bi Mahfoudha alijua vyema linalomngoja. Mchezo ungeoneshwa jioni mbili katika ukumbi wa Al Khoudh. Mzee yule akiridhika, ungekwenda Unguja, na Kiswahili alichokijenga yeye kingesikika mji ule ule aliofundishwa kukijenga. Asiporidhika, ungeishia hapo.

Ugomvi ulikuwa umeanza mazoezini, katika bohari moja mtaa wa Ghala.

"Bibi, katika asili yake mwana hasemi kitu," Buthaina alimwambia. "Anagonga tu. Wewe umemtia 'hodi'."

"Agongaye bila ya kubisha hodi ni mdai au askari. Huyu ni mwana."

"Au kaleta piza," alidakia Khattab, mjukuu wa pili, aliyeigiza huyo mwana.

"Wewe uliyesema jana 'viatu yangu' huna kauli hapa."

Hodi ikabaki.

Jioni ya kwanza ukumbi ulijaa mabibi na maami wenye asili ya Unguja. Khattab akasimama mbele ya mlango wa mbao jukwaani, akainamisha kichwa, akaita, "Hodi!"

"Karibu!" ukumbi mzima ukaitikia.

Hapana aliyewaambia wajibu. Ndimi zao zilitangulia akili. Naye Khattab, aliyelelewa na Bi Mahfoudha mwenyewe, alijua kwamba kukaribishwa na ukabaki nje ni utovu wa adabu. Akavua viatu, akausukuma mlango, akaingia. Ami Sleiman, mstaafu wa serikali aliyeigiza baba, akageuka na wembe wake mkononi, akashtuka, na maneno yote yakamruka isipokuwa yale ya nyumbani kwake.

"Ahlan, mwanangu. Kaa kitako, unywe kahawa."

Watu walicheka mpaka pazia likashushwa.

Nyuma ya jukwaa Bwana Pruitt alikuwa amewiva uso. Bi Mahfoudha alikijua Kiingereza cha shule za zamani, kwa hiyo hawakuhitaji mkalimani.

"Neno lile litoke kesho," alisema yule mzee, "au mchezo hauendi popote."

Buthaina alimtazama bibi yake kwa macho ya kumsihi. Kulifuta neno lilikuwa jambo jepesi, na Unguja ingepatikana.

"Halitoki," alisema Bi Mahfoudha. "Kosa si lake, ni la miguu ya mjukuu wangu. Hodi anaulizwa mwenye nyumba. Walioitikia leo ni majirani, na jirani hakukaribishi nyumba isiyo yake. Hodi hubishwa mara tatu. Mwenye nyumba asipojibu, mtu hurudi alikotoka."

"Na watu wakipiga kelele tena?" aliuliza Bwana Pruitt.

"Nnataka wapige. Kwenu hapana anayemwambia mzee yule afungue. Hapa ataambiwa na ukumbi mzima, na bado atanyamaza. Sasa niambie, kimya kipi kizito?"

Bwana Pruitt akajipapasa shingo.

"Duka la baba yangu lilikuwa na wateja siku ile niliporudi nikagonga," alisema hatimaye. "Mmoja alimwambia, 'Mfungulie kijana.' Nilimsikia. Sikumtia mchezoni."

"Kwa nini?"

"Sikuweza."

Bi Mahfoudha hakumpa pole, alimvutia kiti. Yule mzee akakaa, akasema, "Haya, kesho. Nisiporidhika, basi."

Jioni ya pili Khattab akabisha hodi. "Karibu!" watu wakaitikia, wakacheka walipojisikia. Khattab hakutikisika. Ami Sleiman aliendelea kuunoa wembe.

"Hodi!"

"Karibu!" Safari hii kicheko kilikuwa haba. Kisha sauti kali ikatoka safu ya mbele. Ilikuwa ya Bi Balqees, mkewe Ami Sleiman, aliyekwisha kusahau kuwa ule ni mchezo. "We Sleiman, huna masikio? Mjibu mwanao!"

Ami Sleiman akauweka wembe chini. Akautazama mlango.

"Hodi," Khattab akasema mara ya tatu, kwa sauti ndogo.

Hapana aliyeitikia. Walikwishafahamu kwamba karibu zao zote hazitaufungua mlango ule. Bi Mahfoudha, aliyelipanga kila neno la usiku huo, alikuta midomo yake imeshajikunja kutamka karibu, akaiuma. Ami Sleiman alifumbua kinywa, akakifumba. Khattab akasubiri kadiri adabu inavyotaka, kisha akageuka, akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu mpaka nje. Hata wa kukohoa hakuwapo.

Baada ya muda Bwana Pruitt alimwinamia Bi Mahfoudha. Macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakuyaficha.

"Yule bibi alisema nini?"

"'Mjibu mwanao.' Haimo katika maandishi."

"Itie. Mwende nayo Unguja."

"Tutakwenda," alijibu Bi Mahfoudha, akijitengeneza mtandio wake, "lakini siitii. Kule wataisema wenyewe."