Walioamka Kabla ya Idrissa

Idrissa, muuguzi mstaafu ambaye kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi kabla ya kupasuliwa, alipasuliwa ngiri Jumanne asubuhi katika kliniki moja ya mtaa wa Mikelenge. Kabla ya sindano, Daktari Claire alimkumbusha jambo alilolijua: dawa ya usingizi huenda ikawasumbua pia mikrobe, wale vijidudu wa tumboni wanaosaidia kusaga chakula; wengine hupungua, wengine huchelewa kurudia kazi yao.

Wa Idrissa hawakuchelewa. Saa sita, mwenyewe angali amelala, walianza kusema chini ya shuka, sauti nyingi ndogo kwa pamoja. Daktari Claire aliandika kwenye fishi ya mgonjwa kwamba wameamka, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Riziki alikuwa ameketi kando ya kitanda, akifukuza nzi kwa kipande cha katoni. Mwaka 2002, wakati wa vita, alipasuliwa akiwa macho ili mwanawe atoke. Chupa ya ketamini, dawa ya usingizi, ilikuwa imebaki moja, na Idrissa akampa komanda mwenye jipu la paja. Baadaye Idrissa alimweleza kwamba aliwekewa bunduki kisogoni. Riziki alimsamehe, na tangu hapo kila Idi alimpelekea wali na kuku.

"Bunduki ilikuwa kwenye musumari, nyuma ya mulango," mikrobe walisema. "Komanda aliomba tu. Alisema tafazali."

Riziki aliendelea kufukuza nzi.

Saa nane Idrissa alifungua macho.

"Papa Idrissa, ule komanda alikutisha?" Riziki aliuliza.

"Ilikuwa vita, mama."

"Alikutisha?"

Idrissa aligeukia ukuta. "Hapana. Aliniomba. Niliona haya kumukatalia muntu mukubwa."

"Na mimi nililia."

"Ulilia sana. Ni mimi njo nilikushika miguu."

Simu ya Riziki ikaita. Alikuwa mwanawe, mchimbaji wa madini huko Punia. Kwa miaka ishirini na mitatu ameitwa Idrissa. Jina hilo liko kwenye kadi yake ya uchaguzi na kwenye vyeti vya watoto wake wawili.

"Mama, somo yangu ameamuka?"

Riziki alitazama mgongo wa yule mzee.

"Ameamuka. Anakusalimia."

Tumbo la mzee lilisema, kwa sauti ya chini, kwamba mwenyewe hakutuma salamu yoyote. Riziki aliivuta shuka, akalifunika vizuri.