Kebo Iliyopita Yadi ya Kokoto

Wanangu wawili hawajasemezana tangu tulipomzika baba yao. Yadi ya kusaga mawe iliachwa kwa mdogo, mkubwa akasema neno, mdogo akarudisha neno, na maneno yenyewe siyaandiki hapa kwa sababu bado naenda kusali. Tangu siku hiyo, wakikutana sebuleni kwangu, kila mmoja anaongea na mimi tu. "Mama, mwambie mwanao anipishe." "Mama, mwambie mwanao mlango ni mpana, kilichojaa ni kichwa chake." Viwiko vinakaribia kugusana, na mimi nimekaa katikati kama posta.

Posta ya kweli haifungui barua za watu. Mimi nilikuwa nafungua. Neno likitoka kwa mmoja lina miiba, naitoa njiani kama ya samaki. "Mwambie huyo mbwa aje kuchukua ngazi yake" likifika upande wa pili limeshakuwa "Kaka yako anasema ngazi yako ipo, ukipata nafasi upitie." Nimewazaa mwenyewe. Kama sitawasemea uongo mimi, atawasemea nani?

Mkubwa mtaani wanamwita Antena, kwa urefu wake na kwa kazi yake. Yeye hutandika kebo za televisheni mahali pasipo na kebo, mpira ukiisha anazikunja na kuondoka nazo. Mdogo wanamwita Kokoto, na hilo halitaki maelezo.

Ikaja fainali, kwenye uwanja ulio nyuma ya yadi. Barabara ya uwanjani ilikuwa imechimbwa, wanalaza mabomba, gari la kurushia matangazo ya televisheni likakosa pa kupita na kuegeshwa mbele ya nyumba yangu. Kati ya gari na uwanja ipo yadi ya Kokoto, njia nyingine hakuna.

Antena alikuja asubuhi, uso umekunjamana kama shati lililolala chini ya godoro. Mechi iliyopita picha ilikatika, na bosi wake alishamwambia wazi: ikikatika tena kwa uzembe wake, gurudumu la kebo linapewa mtu mwingine, na yeye akatafute pa kwenda.

"Mama, mwambie mwanao napitisha kebo yadini. Akikataa nitaipitisha juu ya kichwa chake, pale pamelala bapa."

Nikaenda kwenye uzio. "Mwanangu, kaka yako anaomba njia."

Kokoto alikuwa amechutama kwenye tairi la lori. "Anaomba?"

"Anaomba."

"Kwa mdomo ule ule?"

"Mdomo anao mmoja, mwanangu, huo mwingine angeutoa wapi?"

Akafuta mikono kwenye suruali. "Mwambie apite. Nataka nimwone akiburuta waya kwenye vumbi langu na vile viatu vyake vya ofisini. Ila malori hayasimami, na mashine haizimwi kwa ajili ya televisheni ya mtu."

Nikarudi. "Anasema karibu sana, uangalie malori tu."

Antena akaanza kutandika. Kebo yenyewe ni nyeusi, nene kama kidole changu cha mwisho, ganda lake gumu lakini linapinda bila kinyongo. Ndani, alivyonieleza, mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na picha inapita humo ikiwa mwanga. Umeme hakuna. Nikiwa nimesimama palepale lori lililojaa kokoto likapita juu yake, nikafumba macho. Nilipofumbua, kebo imelala vilevile. Kokoto akamwashiria dereva arudi nyuma apite tena, polepole, kwa ustaarabu ule wa kuudhi.

Antena hakugeuka. "Mama, mwambie mwanao kebo hii inatandikwa hata wanakopita vifaru. Lori lake kwake ni upepo."

"Kaka yako anasifu lori lako," nikapaza sauti.

Kebo ya kwanza haikufika uwanjani, ikabidi aunge ya pili katikati ya yadi. Akasafisha ncha zote mbili kwa kitambaa chake cha kazi, akazikutanisha, akakaza kiungio, akafunika kwa beseni langu la kufulia na kulaza jiwe juu yake. Kisha akanivuta pembeni.

"Mama, hili ulifikishe vizuri. Mwambie huyo punguani asifungue hapa. Ganda linabeba lori, lakini ncha za ndani zikiingiwa na vumbi, picha imekufa na mimi nimekufa nayo. Na asichungulie. Ule mwanga hauonekani, unaweza kumdhuru jicho, na mimi sina muda wa kumshika kipofu mkono kumpeleka chooni."

Nikafikisha. Jambo sikuacha hata moja, nilipangusa uchafu tu. "Kaka yako anakuomba, tafadhali, usifungue pale penye beseni. Vumbi likiingia picha itakufa, na kazi yake ndiyo imeishia hapo. Tena usichungulie, anayahofia macho yako."

Kokoto akalirudia lile la mwisho.

"Anayahofia macho yangu."

"Ndiyo."

"Na tafadhali kasema."

"Kasema."

"Mama, leo sukari imekumwagikia. Yule neno tafadhali hajawahi kumwambia hata mkewe. Hayo umeyapika mwenyewe njiani."

"Sijapika."

"Apia."

Mtu wa umri wangu haapi kwa ajili ya tafadhali. Nikanyamaza, naye akakusoma kunyamaza kwangu kama tangazo ukutani.

Mpira ulipoanza niliketi karibu na dirisha, televisheni upande huu, yadi upande ule. Kokoto mpira hakuutazama. Alikuwa anazunguka beseni langu kama kuku aliyeona funza.

"Mwanga gani unapita ndani ya kitu cheusi?" nilimsikia akimwambia dereva wake. "Huyu anavuta umeme wangu, halafu anamtuma mama na hadithi za macho."

Kwenye televisheni palikuwa na penalti. Mpigaji ameweka mpira, amerudi nyuma, ameshika kiuno. Akaanza kukimbia, na kioo kikawa cheusi.

Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja. Nilipogeukia dirishani, Kokoto alikuwa na ncha moja mkono huu na nyingine mkono ule, anazitazama kama mtu aliyenyonyoa kuku akakuta hana nyama. Halafu, kwa kuwa nilimlea mwenyewe na nikamfundisha usafi, akazipangusa kwa shati lake lenye grisi.

Nilifika yadini nikimtangulia Antena kidogo tu. Alikuja mbio akiifuata kebo, akasimama mbele ya mdogo wake anahema. Mkono hakumnyooshea. Akanigeukia mimi.

"Mama, mwambie fisi huyu azime mashine. Vumbi."

Nikafungua mdomo kutafuta neno la adabu, nikalikosa. Au nilichoka. "Anasema wewe fisi, zima mashine, vumbi."

Kokoto akaniangalia. "Kasema fisi?"

"Fisi."

Akaenda akazima.

"Mwambie mjinga huyu ashike ncha hii juu, isiguse kitu, na asiipumulie kwa mdomo wake unaonuka."

"Mjinga, shika hii juu, isiguse kitu, usiipumulie. Mdomo unanuka."

Akashika, akabana pumzi kabisa. Tangu nimwachishe ziwa mtoto huyu hakuwahi kunitii namna ile. Antena akatoa kichupa cha spiriti na kitambaa kipya, akasafisha, akatazama kwa lenzi yake ndogo, akatukana, akasafisha tena. Akakaza. Redio kiunoni mwake ikasema picha imerudi.

Imerudi wachezaji wakiwa wamelaliana kwa furaha. Goli lilishaingia, na walioliona ni wale tu waliokuwa uwanjani.

Bosi wake hakuchelewa. Ni mwanamke mfupi, hedifoni shingoni, anatembea kama anayekanyaga wadudu. Hakusalimia.

"Nani kagusa?"



"Nakuuliza wewe," akamwambia Antena. "Kama mtu wa hapa kaingilia, sema, nitajua la kuwajibu huko juu. Kama ni wewe hukukaza, tulishaongea."

Basi ilikuwa rahisi. Neno moja tu, na kazi yake imepona. Antena akatazama beseni.

"Sikukaza," akasema.

Nikamshika mkono. Akaniinamia sikioni, lakini mnong'ono wake hata dereva aliusikia. "Niache, Mama. Bora nifukuzwe kwa uzembe wangu kuliko huyu atembee mtaani akisema ndiye aliyeniangusha."

Kokoto akatema mate pembeni.

"Bosi, anakudanganya. Alikaza mpaka nikafungua kwa koleo. Nimefungua mimi, kwa mikono hii, na grisi yangu ndiyo iliyokuwa humo."

"Hakufungua," Antena akasema.

"Nimefungua. Nani amekwambia nataka kufichwa na huyu? Nikae mjini hapa watu waseme alipoteza kazi akinilinda? Kwani mimi mtoto wake?"

"Bosi, huyu akili zake zilisagwa na mawe. Usimsikilize."

"Koleo hili hapa. Tazama kiungio, alama za meno zipo."

Bosi akawatazama kama anayetazama nguo mbili zote zimechanika, avae ipi. Akanigeukia. "Mama, mkweli ni yupi?"

Wote wawili wakanikodolea macho, kila mmoja anataka niseme upande wake.

"Mkubwa alikaza," nikasema. "Mdogo akafungua. Na mkubwa alituma onyo kabla, mimi mwenyewe nililileta." Kwamba onyo lilikuwa na sukari yangu, hakuniuliza, na mimi si mtu wa kuwachosha wageni.

Bosi akainama, akapitisha kidole kwenye kiungio penye meno ya koleo. "Basi kazi yako unayo," akamwambia Antena. "Na siku nyingine mtu kama huyu akiwa karibu, weka mlinzi, usiweke beseni." Akarudi garini bila kuaga.

Kipindi cha pili kikaisha na picha yake nzima. Antena akaja na gurudumu la kukunjia, akaanza kuzungusha. Sehemu moja kebo ilikuwa imefukiwa na rundo la kokoto, haivutiki. Nikasogea, nikajiandaa kusikia "Mama, mwambie". Haikuja.

"Nani alikuomba uniokoe?" Antena akauliza. Alikuwa anamtazama mdogo wake usoni.

Kokoto akashika sepetu, akaanza kufukua. "Na wewe nani alikuomba unifiche?"

"Umenifanya niwe na deni la shukrani kwako. Mtu mbaya sana wewe."

"Shukrani yako kaifukie huko huko inakotoka kebo."

"Wanangu," nikaanza.

"Mama, usiingilie," wakasema wote wawili.

Nikachukua beseni langu na kukaa kwenye ngazi ya nyumba. Walipitia yote, kaburi la baba yao, yadi, harusi ambayo mmoja hakuja, na mambo mengine ambayo nilidhani niliyatupa njiani miaka mingi, kumbe yalifika. Mmoja anazungusha gurudumu, mwingine anatembea na kebo mkononi akiikung'uta vumbi.

"Vuta taratibu, unanichuna kiganja."

"Kiganja kilichofungua kiungio changu? Acha kichunike."

"Ndiyo maana baba yadi hakukupa."

"Rudia."

"Nimesema ndiyo maana baba yadi hakukupa."

Antena akasimamisha gurudumu, akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha pembeni cha lori la mdogo wake, kisha akaendelea kukunja. "Haya, njoo na hiyo ncha hapa," akasema, "nikujibu vizuri."