Nililima Tangi la Samaki

Mimi ni mkulima wa mahindi, tena mkulima mzuri, na hilo ndilo lililoniponza.

Mwaka wa sitini na sita chama chetu kilinunua shamba la Mzungu nje ya Eldoret, barabara ya kwenda Soy. Tulipopiga kura ya kugawana, kura yangu ikaangukia nyumba ya yule Mzungu. Sebuleni kulikuwa na tangi la kioo, refu kama kitanda, lenye maji ya bahari yaliyoletwa na treni, mawe ya bahari ya kila rangi, na samaki mmoja wa njano. Pia kulikuwa na Jeconia, mtu wa upande wa ziwa, aliyelitunza tangi hilo miaka tisa.

Mke wangu Jemutai alimpenda yule samaki. Mimi niliona ni mchezo wa watu wasio na kazi. Nikamwambia Jeconia mbele ya wageni, "Wewe uko hapa kwa sababu ya huyo samaki. Siku akifa, funga sanduku lako."

"Sawa, Mzee," akasema. Alikuwa na watoto sita nyumbani, wote wakimtegemea yeye.

Sasa, samaki huyo alikuwa akilala ndani ya mchanga. Na mchanga ulikuwa umebaki vidole viwili tu, kwa hivyo kila jioni akipiga mbizi anagonga kioo cha chini, mpaka mdomo ukatoka kidonda. Jeconia akaagiza magunia mawili ya mchanga kwa shemeji yake wa reli kule Mombasa. Akauosha siku nzima. Kila Jumamosi aliteremsha bomba ndani ya maji, akamimina polepole, kimo cha kidole kimoja, kisha juu yake akanyunyiza kikombe cha mchanga wa zamani ili ule mpya upate uhai.

"Wiki nne, Mzee," akaniambia. "Na ule wa chini usiguswe."

Wiki nne kwa mchanga! Mimi kwa wiki nne nimelima, nimepanda na mahindi yameota.

Jumapili ya tatu Jeconia na Jemutai walienda kanisani. Nikakaa na chai yangu nikilitazama tangi. Mchanga mweupe juu, chini ule wa zamani, wa kijivu, umeshikana. Nani hupanda juu ya udongo ambao haujageuzwa? Nikachukua mwiko wa Jemutai, nikakunja mikono ya shati, nikalima. Nikageuza wote, wa chini ukaja juu, nikasawazisha vizuri kabisa. Ulikuwa mweusi na ulinuka mayai viza. Nikajiambia hiyo ni mbolea.

Jeconia aliporudi alininawisha mikono kama kila siku, tukala. Baadaye nilimwona amemtoa samaki, amemweka kwenye beseni la maji safi ya bahari, amepiga magoti hapo. Alibaki hapo mpaka giza likaingia.

Asubuhi samaki alikuwa amekufa. Jeconia alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake, kama nilivyoamuru.

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona maishani. Jemutai alikuwa hapo, lakini nilisema tu. "Ni mimi, Jeconia. Niliugeuza ule mchanga."

"Najua, Mzee. Jana nilikunawisha. Mikono yako ilinuka ile sumu ya mchanga wa chini."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Nyumba ni yako."

Nikamnyang'anya lile sanduku, nikalirudisha mimi mwenyewe chumbani kwake.

Saa ya chakula Jeconia alileta birika na beseni kama kawaida. Nikavichukua mkononi mwake, nikamwambia akae, atoe mikono. Alisita sana. Halafu akaitoa, nami nikammiminia maji.