Kivuli cha Mama Fuko

Katika dola ya Mfalme Kiboko, heshima ilipimwa kwa kivuli. Mbele ya kiti cha enzi, hatua tatu tu, palikuwa na jiwe jeupe. Kila aliyetaka kusema barazani alisimama juu ya jiwe hilo saa mbili asubuhi, jua likiwa mgongoni mwake. Kivuli chake kikigusa kiti cha Mfalme, alisema. Kisipogusa, alifunga mdomo akarudi kwao. Sheria hiyo iliitwa Haki, na wenye vivuli virefu waliipenda mno.

Kivuli cha Twiga kiligusa kiti, kikapita, kikapanda ukuta wa nyuma. Kwa sababu hiyo akafanywa Msimamizi Mkuu wa Bwawa. Bwawa ndilo lilikuwa uhai wa dola nzima. Mfalme mwenyewe alishinda humo tangu baraza lilipoisha hadi jioni, kwa maana ngozi yake ikikaa juani nusu siku huanza kupasuka. Lakini Twiga hakuwahi hata mara moja kuinama autazame udongo wa tuta linalozuia maji. Alisema shingo haimruhusu.

Aliyelijua tuta ni Mama Fuko. Alikuwa mjane, mdogo wa kutosha kujificha chini ya jani moja, macho yake kama punje mbili za mtama, na mgongo wake haukukosa vumbi. Kila alfajiri, akishamaliza kusali, aliingia ndani ya tuta na kuweka shavu kwenye udongo. Akasikiliza. Alijua maji yanatembea wapi, yamekaa wapi, na wapi yanafikiria kuondoka. Akikuta ufa, alitafuna udongo mwekundu pamoja na mizizi ya nyasi mpaka ukawa laini, akaupachika, akaushindilia kwa paji la uso. Ufa alioziba yeye haukufunguka tena. Hakuna aliyemfundisha. Mungu alimpa tu, kama alivyompa Twiga shingo.

Mumewe alikuwa na kipaji hicho hicho. Miaka mitatu nyuma, ufa wa mashariki ulipofumuka ghafla, udongo ukawa hautoshi, na yule bwana akajaza mahali palipobaki kwa mwili wake. Yuko humo hadi leo. Waziri Korongo, mwenye kuandika mambo ya dola, aliandika mstari mmoja: "Panya amefia kwenye tuta." Mama Fuko alipoletewa habari hiyo alisema, "Mungu ameandika vizuri zaidi." Akarudi kazini.

Sasa kiangazi kimoja, akiwa ameweka shavu chini ya ghuba anamojigaragaza Mfalme, akasikia kitu kipya. Haukuwa ufa wa kupita kidole. Ulikuwa mdomo, nao ulikuwa unajifunza kufunguka. Kila Mfalme alipojigeuza, ulipanuka. Akapima kwa akili yake: siku kumi. Mafuko arobaini wangeuziba kwa siku tatu, ilimradi Mfalme ahame ghuba hiyo kwa siku hizo tatu. Kuhama kwa Mfalme kulihitaji ruhusa ya Mfalme. Basi akapangusa vumbi mgongoni, akaenda barazani, akapanda juu ya jiwe jeupe.

Kivuli chake hakikutoka hata nje ya jiwe.

"Yuko wapi huyo mwenye shida?" akauliza Mfalme.

"Hapo, Mtukufu. Tazama chini. Chini zaidi," akasema Ngiri, mchekeshaji wa baraza. "Msogezeeni kiti, jamani! Labda kivuli kitafika kesho kutwa!"

Baraza likacheka. Mama Fuko akangoja kicheko kiishe, kama mtu anavyongoja mvua ipite.

"Mtukufu," akasema, "naomba—"

"Kivuli, mama," akamkatiza Korongo, kwa adabu kabisa. "Sheria ni moja kwa wote."

"Basi njooni alfajiri, mheshimiwa. Jua likichomoza, hata kivuli changu kinafika."

"Alfajiri mimi nimelala," akasema Mfalme, na baraza likapiga makofi kwa jibu hilo la busara.

Hapo Twiga akaomba kusema, akapewa. "Mtukufu, afadhali huyu amejileta. Nimelikagua tuta kutoka juu. Nimeona vifusi vya udongo kila mahali, na penye kifusi pana shimo, na penye shimo pana fuko. Hawa ndio wanaotutobolea bwawa letu!"

"Kumbe!" akanguruma Mfalme. "Tunalala na mwizi chumba kimoja!"

Amri ikatoka papo hapo. Mafuko wote waondoke tutani ndani ya siku tatu. Tena, siku hizo zikiisha, ni marufuku kwa fuko kutoboa ardhi ya dola, iwe shimo jipya au kupanua la zamani. Korongo akaandika, Mfalme akapiga muhuri wa matope.

Mama Fuko alishuka jiweni. Nyumbani alimkuta mdogo wake amekwisha kusikia, analia.

"Dada, tuuzibe kwanza. Siku tatu si zinatosha? Tuzibe, halafu twende zetu. Mungu atatulipa."

"Zinatosha," akajibu Mama Fuko. "Umesikia amri inasemaje?"

"Tuondoke."

"Kuna mahali imesema tuzibe?"

Mdogo wake akamtazama. Hakuwa amewahi kumsikia dada yake na sauti ile. Haikuwa na hasira ndani yake, ilikuwa imepoa kama jiwe la kisimani.

Mama Fuko akaingia tutani mara ya mwisho, mpaka ufa wa mashariki, akaweka shavu pale alipolala mumewe, akasali. "Mola wangu, siombi waangamie. Naomba wasikie. Na kama hawawezi kusikia bila kuumia, basi waumie."

Kisha akafanya kazi kwa siku zile tatu, yeye na mafuko arobaini, lakini hawakuziba. Walichimba njia nyembamba kutoka chini ya ule mdomo hadi kwenye pango la mawe chini ya bonde, mahali pasipojulikana na mwenye miguu mirefu yeyote. Akapeleka habari mlango kwa mlango kwa panya buku, kobe, sungura, nguchiro, wote ambao vivuli vyao havikuwahi kugusa kiti: hamieni bondeni, msiulize. Wakahama, maana walimjua. Jioni ya siku ya tatu tuta halikuwa na fuko hata mmoja, kama Mfalme alivyoagiza.

Siku ya kumi Mfalme alijigeuza ghubani, na mdomo ukafunguka.

Maji hayakupiga kelele. Yalishuka tu, asubuhi kifuani, mchana magotini. Twiga akaitwa, akatazama mbali, akasema maji yamepumzika. Korongo akaandika: "Bwawa linapungua kwa utaratibu." Kesho yake matope yalipoanza kukauka, Korongo akaruka akaenda zake, na daftari akaliacha. Ngiri akamfuata bila mzaha wowote mdomoni. Twiga alikuwa wa mwisho kuaga. Alisema anakwenda kukagua, na kwa miguu ile alikagua mpaka akapotea machoni.

Mfalme akabaki na jua.

Alitembea peke yake kuelekea bondeni, ngozi ikipasuka kila hatua, akifuata nyayo za wadogo. Zilimfikisha kwenye tundu dogo chini ya jiwe. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kivuli chake kikafunika tundu, jiwe, na nyasi zote za pembeni.

"Mama Fuko," akaita. "Mimi Mfalme. Kivuli changu si kimefika?"

"Kimefika, Mtukufu," sauti ikajibu kutoka chini. "Ila huku hatuna jua, vivuli havitusaidii. Kwetu anayesema ni anayeingia."

Akainamisha kichwa. Tundu moja la pua ndilo lililoenea mlangoni, na kwa tundu hilo akasikia harufu ya maji. Maji mengi, baridi, yaliyotulia. Maji yake.

"Panueni mlango, mama. Nakuomba."

"Fuko amekatazwa kupanua shimo, Mtukufu. Amri ni yako, na muhuri ni wako."

"Naifuta!"

"Basi nijibu neno moja, nipanue. Ndani ya ufa wa mashariki amelala nani?"

Mfalme akafikiri. Alifikiri kwa dhati, pengine kwa mara ya kwanza tangu atawazwe. Akakumbuka kuna kitu aliwahi kusomewa barazani.

"Panya," akasema. "Panya mmoja."

 Kutoka chini akasikia mtu anatafuna taratibu, udongo na mizizi ya nyasi. Donge laini likagusa pua yake, likaisukuma nje kwa upole, na paji dogo la uso likaanza kushindilia.

Mfalme akaikandamiza pua pale palipokuwa mlango, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Ilikuwa kazi safi. Hata harufu haikupita.