Mkemia Asiyenuka

Vumbi linacheza kwenye mwanga wa dirisha la maabara, nami nacheza nalo. Miguu haitulii. Njoo, vumbi langu, njoo, leo ndiyo leo!

Si la barabarani ninaloliita. Nakuita wewe, unga mweusi wa chuma niliyekupenda kwenye kompyuta kabla sijakuona kwa macho. Asubuhi hii nimekujaza mwenyewe kwenye bomba la kioo, na vidole vyangu bado ni vyeusi. Nakutaka uishike hewa, uipatanishe na haidrojeni, zizae mbolea kwa moto mdogo, moto wa jikoni tu. Nawe ubaki vilevile, kama mshenga: kaunganisha watu, huyoo anarudi kwake.

Ukikataa leo, mkuu wa idara anafunga mradi. Kasema waziwazi, bila kupepesa macho. Miaka yangu yote ya kupiga hesabu, kwaheri.

Mama naye hanisaidii. Kila nikimpigia simu: "Mkemia gani wewe, mwanangu, hata hunuki dawa? Kutwa umekodolea macho kioo cha kompyuta!" Nacheka, lakini inanichoma.

Wewe unga, mwanzoni nilikuchora bapa, laini, sakafu iliyotoka kupigwa deki. Hesabu ikagoma. Mlima wa nishati ambao hewa huupanda kabla ya kubadilika ulikuwa mrefu kupindukia. Bi Moto, mtafiti mwenzangu anayeupika unga huu tanurini, akachungulia kioo changu, akaangua kicheko. "Dada yangu wee, huyu nani? Unga wangu una mapengo, una kona zilizomeguka!"

Nikakuchora upya, na mapengo yako. Loo! Pale pale ulipomeguka ndipo mlima ulipoinama. Siku hiyo nilikupenda zaidi.

Njoo, vumbi langu, njoo.

Bi Moto anafungua gesi. Tunangoja. Bomba kimya. Mkuu wa idara, kasimama mlangoni, anatazama saa yake, anatazama tena. Nanong'ona: usiniaibishe, mpenzi, mbele za watu.

Halafu pua yangu inashtuka. Bi Moto naye kakunja uso.

"Nani kafuga kuku humu ndani?" anauliza mkuu wa idara.

Ni wewe! Ni amonia, ni mbolea, ni harufu kali ya banda la kuku, tamu kuliko uturi! Karatasi nyekundu ya kupimia kwenye mdomo wa bomba imegeuka buluu. Narukaruka, Bi Moto ananikumbatia, na mkuu wa idara anacheka, saa kaisahau.

Nampigia mama, machozi yananitoka.

"Mama, nanuka!"

"Unanuka nini tena?"

"Banda la kuku! Imekubali, mama, imekubali!"

Nasikia anapenga kamasi. "Basi usioge, mwanangu. Njoo hivyohivyo nikunuse."

Nachukua mkoba wangu. Vumbi bado linacheza kwenye mwanga wa dirisha; nalipungia mkono, na vidoleni umo wewe. Nalipita sinki la maabara, sinawi.