Mapazia ya Vitanda Tisa

Jumapili moja saa tisa alasiri, katika nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu huko Karama, ughaibuni, Metrine alivua mapazia ya vitanda tisa, akayafua, akayashona pamoja yakawa kitambaa kimoja. Watu tisa wangelala bila stara, lakini tamasha lisingeanza bila skrini. Lilikuwa na jina refu, Tamasha la Filamu za Kweli za Nyumbani, na filamu tatu tu, zote zimepigwa kwa simu. Projekta aliileta Jamiru, Mganda wa kazi za hoteli, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu.

Ugomvi walikuwa nao Wakenya. Tangu uchaguzi ule wa nyumba kuchomwa, watu wa kina Metrine na watu wa kina Duncan hawakuketi pamoja, hata ughaibuni, hata kwenye chakula cha bure. Basi Metrine akatundika kitambaa katikati ya sebule, hawa huku, wale kule. Waliokuwa nyuma ya kitambaa waliona kila kitu kimegeuka, kushoto kuwa kulia. Wakanung'unika kidogo, kisha wakazoea.

Filamu ya pili ilitumwa na dada yake Duncan. Ilionyesha boma lao asubuhi: kuku, moshi wa jikoni, tangi la maji la saruji. Metrine alilijua tangi lile. Baba yake ndiye aliyelijenga, kabla familia yao haijafukuzwa katika shamba hilo. Kisha baba mwenyewe akaonekana amesimama kando ya tangi, ingawa alikuwa amezikwa miaka mingi katika makaburi ya mjini. Akavua gambuti asichafue sakafu, akatoka kwenye kitambaa, upande wa kina Duncan.

Duncan akampisha kiti. Mtu akaenda kuweka chai. Metrine akainua ncha ya kitambaa, akavuka.

"Metrine, umekula?" mzee aliuliza.

"Nimekula, Baba." Hakuwa amekula, ila hakutaka kumtia wasiwasi.

Mzee akamgeukia Duncan. "Hiyo tangi bado inashika maji?"

"Inashika, mzee. Desemba tuliiosha."

"Vizuri."

Metrine alimpenda baba yake kuliko alivyokumbuka. Akasema, "Duncan, mimi sitaki shamba. Nataka tu azikwe upya hapo bomani, kando ya kaburi la mama."

Duncan akampigia babake simu, akasikiliza kwa muda mrefu, akaiweka chini.

"Amekataa. Anasema kaburi ni kama title ingine ya shamba. Pole, Metrine."

Duncan aliona aibu, na aibu yake ilikuwa ya kweli. Akamwongezea mzee chai.

Tamasha limefanyika mara nne sasa. Mwaka wa pili kitambaa kilihamishiwa ukutani, kwa sababu watu walichoka kuona mambo yamegeuka, nao wakaketi pamoja. Filamu ya tangi huonyeshwa kila mwaka. Mzee huja, huketi kati ya Metrine na Duncan, hunywa vikombe viwili na kuuliza habari za kazi. Saa ya kurudi ikifika huvaa gambuti, huingia kwenye kitambaa, husimama nje ya geti la boma alilolitundika kwa mikono yake mwenyewe, na kubisha hodi.

Metrine hazimi projekta mpaka dada yake Duncan aje kumfungulia.